Mkulima wa Kwenye Filamu Amekufa, Kaka

Kaka Hamisi,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo nikainua kalamu, kwa mazoea, nikingoja uitikie. Huwezi kuitikia, na mimi siwezi kumwandikia kaka yangu bila kumwamkia, kwa hiyo tuliache hapo lilipo.

Leo ni Ijumaa. Kesho saa nane mchana nitakaa kwenye kiti chako katika ghala la zamani la mkonge pale Rudewa, nitashika maiki yako, na nitawatafsiria watu ile filamu ya Kimarekani ya mfugaji na mkulima. Mimi, Mwanaidi yule yule aliyeandika gazetini kwamba ninyi watu wa maiki mnawalisha wananchi makapi. Mwenyekiti wa kijiji alikuja mpaka hapa Kilosa mjini kuniomba. Nilimpa chai, nikamwambia hapana. Akainywa chai yote taratibu, akasema, "Dada, mimi sikuja kuomba burudani." Halafu akanieleza hali ya Rudewa, nikakubali.

Nikueleze, kwa sababu uliondoka kabla hayajaanza. Ng'ombe wameingia kwenye mahindi ya Bi Tatu, yule mjane mwenye shamba kando ya mto, aliyekuwa akikaa benchi la mbele na kukukosoa kwa sauti. Hawakupita pembeni. Wamelala humo. Wamekula mpaka mabua. Baada ya hapo ndama wa Mzee Kashu, yule mfugaji, akakutwa amekatwa panga mguu wa nyuma, na hakuna anayesema ni nani. Vijana wa wafugaji sasa wanatembea kwa makundi. Vijana wa wakulima nao hawaendi shambani mmoja mmoja. Mwenyekiti anasema kelele hazimtishi, kelele amezizoea. Kinachomtisha ni kwamba watu wameacha kuitana mtani.

Hilo neno uliwapa wewe, kaka. Na mimi ndiye niliyekwambia usiwape.

Acha nikumbuke kwa mpangilio, maana hofu imenivuruga. Ulikuwa mapokezi kwenye ile gesti ya Mikumi, ng'ambo ya barabara kuu, na mimi nilikuwa nakuja kwako wakati wa likizo. Malori yamepaki, madereva wamekaa kwenye viti vya plastiki mbele ya televisheni, Kiingereza kinamwagika, hakuna anayeelewa na hakuna anayeondoka. Ulinigeukia ukaniuliza, "Anasemaje huyu?" Ilikuwa tamthilia ya Uingereza ya mpelelezi. Mvua haikatiki, na mpelelezi anaomba radhi kwenye kila mlango anaobisha. Nikakwambia, anasema samahani kwa kukusumbua wakati wa chai, lakini nadhani wewe ndiye uliyemuua mkeo. Ukawageukia madereva ukakaza sauti: "Mtendaji wa kata anasema, mzee, tulikuheshimu, lakini marehemu amekutaja."

Walicheka mpaka mmoja akajimwagia soda. Mimi nikanuna. Nilikuwa nimetoka shuleni na Kiingereza changu kimepigwa pasi, nikakwambia kwamba sivyo alivyosema, hakuna mtendaji wa kata London. "Wewe nipe mfupa," ulinijibu, "nyama naweka mwenyewe."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Ukanunua projekta, ukajiita DJ Kengele, ukazunguka Mikumi, Kilosa, Mamboya, mwisho ukatulia pale Rudewa kwenye ghala, kila Jumamosi ya gulio. Ukikwama unanipigia simu: "Anasemaje huyu?" Nami nakupa mfupa. Halafu nakuja kuona ulichoupikia, na natoka nikiwa nimevimba.

Ile tamthilia ya jumba kubwa la Kiingereza, mabwana juu, watumishi chini, inayopendwa na watu wa dunia nzima kwa sababu ya magauni. Nilikuandalia maelezo ya maana kuhusu matabaka. Wewe ukamfanya mpishi awe msemaji wa tamthilia nzima, kila bwana akifungua mdomo, mpishi anaguna jikoni na kusema, "Haya, tumesikia, naye ameamka." Yale mashindano ya Waingereza ya kuoka keki ndani ya hema, watu wanalia kwa sababu keki imezama katikati, uliyageuza mashindano ya mkate wa kumimina, na akina mama wa Rudewa wakawa wanapiga kura. Na ile ya Kimarekani ya siku hizi, watoto wa tajiri wanaokulana nyama kabla baba hajafa: huko wala hukuongeza kitu. Ulisimamisha picha ukawauliza watu, "Hawa hawana kikao cha ukoo?" Bi Tatu akajibu kutoka benchi la mbele, "Wanacho, wamekiajiria wanasheria." Hapo nilicheka. Nakiri leo, siku ile nilijifanya nakohoa.

Lakini ile ya mfugaji na mkulima ilikuwa jambo lingine, na hasira yangu juu yake haikuwa ya mchezo.

Filamu ya zamani, nyeusi na nyeupe, kofia na vumbi. Mfugaji ana makundi yake na njia ya kwenda mtoni tangu enzi za baba yake. Mkulima amekuja na mke na jembe, ametia senyenge kukata ile njia. Wanatukanana, wanatishana, senyenge inakatwa, mahindi yanaliwa, na mwishoni mfugaji anampiga mkulima risasi pale pale mtoni. Anazikwa. Basi. Wamarekani walipoitengeneza walidhani wanasimulia nchi yao. Ukiionyesha Rudewa, si Marekani tena. Ni juzi.

Siku ya kwanza hukujua ni filamu ya namna gani. Uliwasha tu, kwa sababu kasha lilikuwa na picha ya farasi. Nilikuwepo, nimekaa nyuma yako nikikunong'oneza mifupa. Kulia wamekaa wafugaji waliotoka kuuza, kushoto wakulima. Mfugaji wa kwenye filamu akasimama kwenye senyenge akamwambia mkulima: nikikukuta hapa tena nitakuzika ndani ya mahindi yako. Nikakunong'oneza hivyo hivyo. Ukanyamaza. Wewe, ambaye hukuwahi kunyamaza ukiwa na maiki. Nikaona jasho shingoni mwako. Halafu ukasema:

"Hawa wawili, ndugu zangu, msiwaone hivi. Hawa ni watani."

Na kuanzia hapo kila tusi ukaligeuza utani. Mfugaji akitoa bastola, wewe unasema, "Anamwambia, mtani, nipishe nikanyweshe, wewe na mahindi yako mna kiburi kama mmeyaumba." Mkulima akiinua bunduki, unasema, "Na yeye anajibu, mtani, ng'ombe wako wana adabu kuliko wewe, wao wakishiba wanaondoka." Watu walicheka pande zote mbili. Risasi ilipolia ukasema mkulima ameshikwa na presha, anakimbizwa hospitali, atapona. Ukazima projekta kabla ya kaburi, ukasema jenereta limechoka.

Tuligombana njia nzima ya kurudi Kilosa. Nilikwambia utani si kitu cha kugawa kwa maiki. Sisi tuna watani wetu, tuliwarithi, babu zetu walipigana na babu zao mpaka wakachoka, ndipo wakaapiana kwamba badala ya damu tutaleana kwa matusi. Mtani ana kazi. Anaweza kuchukua kuku wako na usiseme. Anaweza kumtukana mama yako na usikasirike. Na ukifa, ndiye anayesimama kaburini kukucheka ili wenye msiba wapate pumzi. Wafugaji waliohamia juzi na wakulima wa bondeni walipigana lini wakachoka? Ndiyo kwanza wanapigana. Ukaniambia, "Mdogo wangu, unataka wangoje wachoke? Watakaobaki ni wangapi?"

Nilikujibu kwa makala gazetini.

Na watu wakalichukua, kaka. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Filamu ile uliombwa kuirudia mara nyingi kuliko zote. Mzee Kashu akawa anamwita Bi Tatu mtani gulioni, naye Bi Tatu anachota maziwa kwenye ndoo yake bila kuuliza, anamwambia, "Nenda kanishitaki kwa DJ." Kweli ng'ombe waliendelea kuingia mashambani, lakini kabla ya panga palikuwa na neno. Neno jembamba kama uzi wa buibui. Nililiona kila nilipokuja, na kila nilipoliona nilijiuliza litakatika lini.

Ulivyoondoka ghafla vile, shinikizo la damu, asubuhi upo na alasiri haupo... Siwezi kuandika sehemu hiyo. Niandike mazishi yako ya hapa Kilosa. Watani wa ukoo wetu walikuja, kama inavyopasa. Yule mwanamke mnene wa upande wao, mama wa kelele, alinyakua mpini wa jembe akaushika kama maiki, akasimama juu ya udongo uliochimbwa akasema kwa sauti yako, sauti yako kabisa, "Ndugu watazamaji, huyu jamaa hajafa, jenereta limechoka." Watu wakaangua kicheko katikati ya kilio. Nilitaka kumpiga. Halafu nikajikuta nimekaa chini nimeshika tumbo, sijui nalia au nacheka, na kwa mara ya kwanza siku ile nikavuta pumzi mpaka chini.

Wafugaji wa Rudewa nao walikuja, akiwemo Mzee Kashu. Walisimama mbali, wameshika fimbo zao. Walikuwa wageni pale. Hawakujua wafanye nini.

Sasa sikia kinachonitetemesha. Filamu ile imo kwenye simu. Mtu, au mashine, ameitafsiri, Kiswahili kinapita chini ya picha, kibovu lakini kweli. Vijana wa pande zote wameitazama. Wameona kaburi. Mwenyekiti ananiambia kijana mmoja wa wakulima amesimama kijiweni akasema, "Kumbe miaka yote DJ alituficha. Mfugaji anaua mkulima, ndiyo mwisho wake." Na kijana wa wafugaji akamjibu, "Basi mmejua mwisho wake." Kwa nje ni maneno tu. Mwenyekiti anataka nionyeshe filamu kama ulivyokuwa ukiionyesha, na utani wake na presha yake, ili watu wapoe kabla ya kikao cha Jumanne cha wafugaji na wakulima.

Nikisema uongo wako, vijana watanizomea, na uzi utakatika mbele ya macho yangu. Nikisema ukweli ambao nimeupigania nusu ya maisha yangu, nitakuwa nimesimama na maiki mbele ya watu wenye mapanga nyumbani, nikiwasomea jinsi ya kuuana. Nimesoma vitabu vingi, kaka. Nimebishana na maprofesa redioni na sikutetemeka. Leo nimefua nguo ambazo zilikuwa safi.

Ungeniambia nini? Ungesema nikupe mfupa. Sina mfupa.

*

Ni Jumatatu. Niliiacha barua hapo Ijumaa. Naendelea.

Jumamosi nilifika mapema nikatundika shuka. Ghala bado lina yale matundu ya bati, mwanga unashuka kama vidole. Unakumbuka amri yako kwamba fimbo na mapanga vibaki mlangoni? Hakuna aliyeivunja kwa maneno. Wazee waliacha. Vijana walipita navyo, na nilipowatazama wakatazama pembeni, nami sikusema. Mimi. Sikusema. Kulia wafugaji, kushoto wakulima, na katikati njia pana kuliko nilivyowahi kuiona. Bi Tatu alikuwa benchi la mbele amejifunga kitenge mara mbili kama mtu anayetarajia baridi. Mzee Kashu alikaa nyuma kabisa upande wake, karibu na mlango. Vijana walisimama ukutani, simu mikononi.

Niliamkia wazee. Waliitikia. Nikawasha.

Nilikuwa nimeamua usiku, au nilidhani nimeamua. Ningesema kweli. Sikuwa jasiri, sijui tu kufanya kingine. Mwanzoni nikatafsiri vizuri, farasi, vumbi, mke wa mkulima anaanika nguo. Nilisikia mwenyewe kwamba sauti yangu ni kama ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Bi Tatu akasema, si kwa ubaya, "Weka chumvi, mwanangu." Nikashindwa kuweka. Kisha tukafika kwenye senyenge. Mfugaji akasimama, akafungua mdomo, na mimi nikasema: "Anamwambia, nikikukuta hapa tena nitakuzika ndani ya mahindi yako."

Kijana mmoja ukutani akasema, "Haya. Sasa tunatafsiriwa." Upande wa pili mtu akapiga fimbo chini mara moja. Ningeweza kuzima. Mkono wangu ulikuwa juu ya swichi, na nilikuwa na ule uongo wako wa jenereta tayari mdomoni. Sikuzima, na sitadanganya kwamba ni kwa ushujaa. Niliogopa wangejua.

Ikaja risasi. Mkulima akaanguka mtoni, kofia yake ikaondoka na maji. Watu wakanigeukia, kaka, hawakutazama shuka, walinitazama mimi. Wote. Walikuwa wanangoja presha. Wanangoja hospitali. Nikasema, "Amekufa."

Baada ya hapo nilishindwa kutafsiri. Nilijaribu. Neno hilo lilikuwa limegeuka likawa lako. Filamu ikaendelea na Kiingereza chake, mjane anaosha uso wa mumewe, wanaume wanabeba sanduku, wanashusha, wanaimba wimbo wao wa kanisa. Ghala lote linatazama mazishi bila mtafsiri. Mke wa mkulima amesimama peke yake na upepo unampiga. Nikamwona kijana mmoja mwenye simu anasogea kutoka ukutani. Kijana wa upande wa pili naye akasogea.

Ndipo Mzee Kashu akainuka kule nyuma. Nilifikiri anaondoka na watu wake, nikajua kwamba wakitoka hivyo tumekwisha. Hakuondoka. Alikuja mbele kwa ile njia pana ya katikati, polepole, hana fimbo, aliiacha mlangoni kama ulivyoamuru. Akasimama mbele ya shuka, mwanga wa kaburi unampita kifuani. Akaniuliza mimi, kwa upole, kama anauliza njia:

"Huyu si alikuwa mtani wangu? DJ alisema."

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Sasa mbona anazikwa hivi? Hana watani? Kule Kilosa niliona. Mtu anazikwa, mtani anasema. Hapa nani anasema?"

Akamgeukia mkulima wa kwenye sanduku, akamnyooshea kidole.

"Wewe," akasema, "umekufa kwa ubishi. Nilikwambia nipishe, hukunipisha. Senyenge yenyewe mbuzi anairuka. Umeniachia aibu. Sasa nitamtukana nani mimi? Asubuhi nikiamka nikapite wapi, mahindi hayana mwenyewe? Ng'ombe wangu wamezoea kufukuzwa na wewe. Watanenepa, watakuwa wavivu. Mtu mbaya wewe. Amka."

Alilisema lile amka kwa sauti ya chini sana. Mimi nilikuwa karibu ndiyo maana nikalisikia vizuri.

Halafu Bi Tatu, hajainuka, amekunja mikono, akasema, "Kaa chini, mzee, unatuzibia marehemu."

Kicheko kilianzia kwa akina mama. Kikatambaa. Kikafika ukutani kikakwama kidogo, kikaingia. Mzee Kashu akasema, "Sikai. Mimi ndiye mtani." Bi Tatu akasema, "Kama wewe ndiye mtani, mahindi yangu nayo yamezikwa tumboni mwa ng'ombe wako, mistari mizima. Mbona kwenye msiba wangu hukuja?" Hapo kicheko kilikatika. Kila mtu alisikia kwamba hilo halikuwa utani peke yake. Mzee alisimama na lile sanduku limeshuka nyuma yake, akamtazama.

"Nitakuja kuyaona," akasema. "Na wewe utakuja kumwona ndama."

"Nitakuja," akasema Bi Tatu. "Na nitakunywa maziwa."

Filamu ikaisha yenyewe. Nilizima. Vijana walitoka wa kwanza, na sikuona nyuso zao.

Sasa nibishane nawe kidogo, kaka, kwa sababu ni njia pekee niliyonayo ya kukaa na wewe. Bado nasema ulikosea. Uliwapa utani, ukawanyima kifo. Na utani bila kifo ni nusu ya kitu, kwa sababu kazi kubwa ya mtani iko kaburini, na wewe kila Jumamosi ulikuwa unazima projekta kabla mtani wa watu hajafika kazini. Miaka yote ile wazee wale walijua kutukanana gulioni, hawakujua kuzikana. Ndiyo maana walisimama mbali kwenye mazishi yako wameshika fimbo. Hukuwafundisha sehemu ya mwisho. Uliogopa, na nadhani uliogopa kama nilivyoogopa mimi, shingo ikitoka jasho.

Hata upande wangu haukushinda. Mimi niliamini kwamba ukishasema kweli umemaliza kazi. Nilisema kweli, neno moja, na nusura liwashe ghala. Ukweli wangu ulisimama pale mbele ya watu kama yule mjane, hana ndugu. Aliyeukaribisha ni mzee aliyejifunza utani wetu kwa kuutazama kwa mbali, siku moja, kwenye kaburi lako. Hilo silijui nilipeleke wapi. Halimo katika kitabu chochote nilichosoma, na nimekasirika kidogo kwamba halimo.

Usidhani mambo yametulia. Jana Jumapili Mzee Kashu alikwenda kweli shambani kwa Bi Tatu, nimeambiwa walisimama kwenye yale mabua muda mrefu. Wanawe wawili walimsindikiza, na mmoja hakutaka kuingia shambani, alibaki njiani amelipa mgongo shamba zima. Bi Tatu alitakiwa kwenda kumwona ndama leo. Sijui kama amekwenda. Aliyemkata bado hajasema. Mwenyekiti amenipigia, sauti yake ni ya mtu ambaye hajalala, anasema kuna waliofurahi na kuna wanaosema mzee amewadhalilisha. Kesho ni kikao, na wameniita niwepo. Sijui kama neno lako litaingia ndani ya kikao au litabaki mlangoni na fimbo za wazee. Naogopa, kaka. Kila pikipiki inayopunguza mwendo hapa nje nadhani imekuja na habari.

Wamenitaka pia niendelee Jumamosi. Nimekubali kabla sijafikiri. Sitaweza kuweka nyama kama yako. Watu wameshaniambia ninatafsiri kama hakimu. Mpishi wa lile jumba kubwa atanishinda. Lakini nakuahidi hili. Katika ghala lako, aliyekufa nitasema amekufa, awe Mwingereza, awe Mmarekani, awe mwema au jambazi, na sitazima picha kabla hajazikwa. Kisha nitaweka maiki chini ninyamaze, niwaachie nafasi watani wake. Unajua kunyamaza kunavyonigharimu mimi.

Na nianze na wewe, kwa sababu tangu siku ile kila anayeniuliza habari zako namwambia umepumzika, umetutoka, umetangulia, maneno ya pamba, mimi ninayewakemea wengine kwa maneno ya pamba.

Umekufa, Hamisi. Kaka yangu amekufa. Nimesema.

Kwaheri. Nanyamaza sasa.

Mdogo wako,
Mwanaidi